Watoto wa kalasi ya tatu ambao hawajui kusoma: wazazi tuanzie wapi? (Lubumbashi)

Mzazi_Katuba aliuliza:

Jambo yenu wote. Niko katika kamati ya wazazi ya shule moja ya msingi huku Katuba. Mwaka unakaribia kuisha, na wazazi kadhaa wamekwisha kuambiwa kwamba mtoto wao atarudia kalasi ya tatu, wengine kwa mara ya pili, au basi wamtafutie "shule ya watoto wa namna hiyo". Watoto wenyewe wana miaka 8 hadi 10. Ukiwatuma dukani wanarudisha franka zilizobaki bila kosa, lakini ukiwapa kitabu hawamalizi hata mstari mmoja. Kwenye buletini imeandikwa "mzito", "hafuati", "anacheza". Hakuna aliyeandika ameona nini hasa.

Tunaomba msaada katika mambo haya. Kabla mzazi hajakubali mtoto arudie, apimwe nini, na nani? Jioni nyumbani, kabla umeme haujakatika, tumfundishe vipi? Tumwombe mwalimu nini ambacho kweli anakiweza akiwa na watoto zaidi ya 60 mbele yake? Na sheria inasema nini? Tafadhali mtupe hatua za kufuata. Maneno ya "muwe na subira" tumeyasikia ya kutosha.

Infirmie_Njanja alijibu:

Papa, anzeni na masikio na macho, kabla ya jambo lingine lolote. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kurudia kalasi ya tatu miaka mitatu na asisome, kwa sababu "ba", "pa" na "da" zinamfikia kama sauti moja.

Jaribio la kunong'ona linafanyika nyumbani. Chumba kiwe kimya, redio izimwe. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono ulionyooshwa, kama sentimita 60, ili asione midomo yako. Ziba sikio lake moja kwa kubonyeza kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu, ukikisugua polepole. Toa pumzi yote kwanza, kisha nong'ona namba tatu: "nne, saba, mbili". Akizirudia zote, sikio hilo ni zima. Akikosea, mpe tatu nyingine. Kama katika hizo sita amepata chini ya tatu, anahitaji kupimwa na muganga (daktari wa hospitali). Rudia kwa sikio la pili ukitumia namba tofauti. Wazazi wengi hukosea kwa kusimama pembeni, mtoto akasoma midomo, au kwa kunong'ona kwa nguvu hadi jirani anasikia. Ndiyo maana pumzi inatolewa kwanza.

Chungulieni pia kama sikio linatoa usaha. Usaha wa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu wa sikio, na huku kwetu watu wanauzoea kama kitu cha kawaida cha utoto. Linakaushwa mara 3 kwa siku: kunja kitambaa safi kinachonyonya maji kiwe kama utambi, kiingize, kitoe kikilowa, weka kingine, hadi kitoke kikavu. Baada ya hapo ndipo unadondosha dawa ya matone aliyoandika muganga. Kwa kawaida ni ya jamii ya siprofloksasini, kwa siku 14. Ukidondosha dawa juu ya usaha, haifiki ndani, na mzazi anasema dawa ni mbaya. Msitie mafuta, wala maji ya majani, wala kijiti cha pamba. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, ni hospitali siku hiyohiyo.

Macho: chora herufi E kubwa kwa biki nyeusi kwenye karatasi nyeupe, urefu milimita 17.5 na upana vilevile. Kila mstari wa E na kila nafasi kati ya mistari iwe milimita 3.5. Mtoto asimame mita 6, mchana, aseme kwa kidole E inaelekea wapi: juu, chini, kushoto, kulia. Igeuze mara tano kwa kila jicho, lile lingine likiwa limefunikwa kwa kiganja bila kulibana. Akikosa zaidi ya mara moja, apelekwe kwa muganga wa macho. Mtoto wa hivyo haoni ubao akiwa benchi la nyuma, basi anakopi kwa jirani, na shuleni wanamwandikia "hafuati".

Kuna kitu cha tatu ambacho hakuna mtu anakiuliza. Mwambieni mwalimu aangalie kama mtoto anakatika ghafla katikati ya neno, macho yamekodoa sekunde 5 hadi 10, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, mara nyingi kwa siku. Hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa isiyoangusha. Wanamwita mwota ndoto na wanampiga. Ina dawa yake, na fenobabitali, ambayo watu huinunua kwa kifafa chochote, haisaidii aina hiyo. Kwa hiyo msijinunulie farmasi. Na mtoto aliye kwenye dawa ya kifafa asiachishwe ghafla hata kama amepona machoni penu.

Muulizeni mzazi historia: malaria iliyompanda kichwani, meninjiti, sindano nyingi za gentamisini au streptomisini, kuchelewa kulia alipozaliwa. Mambo haya yote yanaweza kuacha alama kwenye usikivu au kwenye kujifunza. Mtoto wa SS (ugonjwa wa selimundu) naye anakosa shule kila anapopata maumivu. Huyo hana uzito wowote wa akili, ana mapengo ya wiki nzima nzima katika kaye (daftari) zake.

Pitieni kwanza kituo cha afya cha kartie (mtaa) mpate karatasi ya kuwatuma, kisha hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Kwa kifafa na tabia zinazotisha, kuna kituo cha Joseph Guislain. Chochote mnachoambiwa, ombeni kiandikwe. Neno la mdomo la muganga halimsaidii direkta.

Mwalimu_Ruashi alijibu:

Nakubaliana na Infirmie. Mimi nitasema kuhusu kusoma kwenyewe, kwa maana masikio na macho yakiwa mazima, kazi inabaki palepale.

Programu ya taifa imeweka lugha za taifa kwa kalasi mbili za kwanza, na kwetu ni Kiswahili. Lakini shule nyingi za hapa mjini zinaanza na Kifaransa tangu siku ya kwanza. Mtoto anajifunza mambo mawili magumu kwa mara moja: kusoma, na lugha asiyoijua. Wenye nguvu wanapita. Wale wanaohitaji hatua ndogondogo wanaachwa hapo. Kwa hiyo nyumbani anzeni na Kiswahili, hata kama mtoto yuko kalasi ya tatu na mtihani wake ni wa Kifaransa. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika. Mtoto akishashika siri kwamba alama ni sauti, siri hiyo anaihamisha kwenye Kifaransa.

Jueni kwanza amekwama wapi. Andika a, e, i, o, u kwenye vipande vitano vya kartoni, uvichanganye. Usivipange kamwe kwa utaratibu wa wimbo, kwa sababu atauimba bila kuangalia. Akizijua, mwonyeshe ma, ki, so, tu, le. Akizijua na hizo, maneno: moto, samaki, makala (mkaa). Pale anapoanza kubahatisha ndipo mnapoanzia, hata kama ni kwenye vokali. Mzazi mwenye haraka ataruka hatua hii na kukimbilia kitabu cha kalasi ya tatu. Ndiyo njia ya hakika ya kumchukiza mtoto.

Kosa ninaloliona katika karibu kila nyumba ni kutaja jina la herufi badala ya sauti yake. Mzazi anasema "em" na "a", halafu anashangaa mtoto akisoma "ema". Sema "mmm", midomo imefungwa, kisha uifungue polepole hadi iwe "mmma". Anza na m, s na l, kwa sababu sauti zake zinavutika. k na t zinakatika, kwa hiyo zije baadaye: usiseme "k… a", sema "ka" mara moja, kisha ki, ko, uone kama anasikia kwamba mwanzo ni uleule.

Konsonanti 5 (m, s, l, k, t) mara vokali 5 ni kadi 25. Kadi iwe ya ukubwa wa kiganja, herufi ndogo za chapa, si kubwa, kwa sababu vitabu vimeandikwa kwa ndogo. Kwa kadi hizo peke yake mtoto anasoma mama, moto, masomo, kitu, tatu, sita, samaki, kilo, makala, na anaanza kuandika sentensi: "mama leta makala". Msiongeze konsonanti ya sita kabla kadi hizo 25 hazijatoka mdomoni bila kusita.

Muda ni dakika 15, siku 5 kwa wiki. Saa nzima ya Jumamosi haifai kitu. Dakika 5 za kwanza ni kadi za zamani, zikiwa zimechanganywa. Dakika 5 ni silabi mpya mbili tu. Dakika 5 za mwisho anaandika: unamtamkia "samaki", anapiga makofi matatu, sa-ma-ki, anatafuta kadi, anazipanga, kisha anakopi kwenye kaye. Akikosea, usiseme "hapana". Mwonyeshe kadi sahihi, atamke, muendelee. Akikosea mara tatu mfululizo, silabi mpya zilikuwa nyingi: rudi nyuma. Ukimpiga, kesho yake atasoma uso wako badala ya karatasi.

b na d zitamchanganya. Msizifundishe wiki moja. b imalizike kabisa, wiki mbili au tatu zipite, ndipo d ije.

Kifaransa kiingie mtoto akisoma sentensi fupi za Kiswahili bila kukwama, na hapo kuna mtego mkubwa. u ya Kiswahili ndiyo "ou" ya Kifaransa, na e ya Kiswahili iko karibu na "é". Mtoto akikutana na "lune" atasoma "lune" ya kwetu, na mwalimu atamwandikia kosa wakati amesoma kwa akili kabisa. Kwa hiyo kadi za Kifaransa ziwe za rangi nyingine, au zenye mstari mwekundu chini, na zianze na hizi: ou, é, u, ch, on, an. Mwambie waziwazi: "kwenye kadi nyekundu, sauti hubadilika."

Kuhusu kalasi ya watu 60, msimwombe mwalimu "amfuate mtoto kwa karibu". Hawezi, na atawajibu ndiyo ili muondoke. Mwombeni vitu vinavyoonekana. Benchi la mbele, mbali na mlango, sikio zima likielekea kwa mwalimu. Jirani anayesoma vizuri, mmoja tu, asibadilishwe kila wiki. Akopi mistari 4 badala ya 10, kwa sababu mtoto huyu anapofika mstari wa 4 ubao unafutwa na kaye yake haina kitu cha kusoma nyumbani. Asiitwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake bila kujulishwa siku moja kabla ni mstari gani. Na katika historia au sayansi aulizwe kwa mdomo: utakuta anajua. Pointi zinazopotea pale ni za kuandika, si za kuelewa, na hizo ndizo zinamrudisha mwaka.

Mama_Kenya aliuliza:

Aksanti Mwalimu. Na mtoto ambaye hasemi kabisa? Wangu ana miaka 6, komini ya Kenya hapa, haangalii mtu usoni, analia kelele ikizidi. Shule ya chekechea imemrudisha nyumbani. Kadi za silabi kwake ni mbali sana.

Mwalimu_Ruashi alijibu:

Mama, kwake tunaanza na kuomba. Masikio yapimwe hospitalini, hata kama unaona anasikia mziki, kwa sababu jaribio la kunong'ona halimfai asiyesema.

Kila mara anapotaka kitu, shika viwili mbele yake kwenye usawa wa macho, kikombe cha maji na kipande cha mkate. Taja jina mara moja: "maji", "mkate". Kisha nyamaza na kuhesabu moyoni hadi 10. Hapo ndipo wazazi wanashindwa, tunajaza kimya kwa maneno. Akinyoosha mkono, akiangalia, akitoa sauti yoyote, mpe papo hapo huku ukitaja jina. Akishazoea, badala ya kikombe chenyewe weka picha yake uliyoichora au kuikata kwenye kartoni, awe anakukabidhi. Picha hazizuii kusema. Watu watakuambia zinamfanya mvivu, usiwasikilize.

Kelele: tazama siku nzima ni saa ngapi analipuka na nini kilitangulia. Mara nyingi ni mabadiliko ya ghafla. Panga kartoni tatu ukutani, kuoga, kula, kutoka, kwa utaratibu uleule kila asubuhi, na umwonyeshe inayofuata kabla haijafika. Ukirudi kuongea na shule, omba aanze na saa moja kwa siku, saa ambayo kalasi imetulia, kisha muongeze. Shule nyingi zinakataa siku nzima lakini saa moja zinaikubali.

Katibu_Kampemba alijibu:

Mimi nitajibu kuhusu sheria na barua, kwa sababu haki bila karatasi inabaki mdomoni.

Katiba, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na bure hiyo ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Shule za makanisa zilizo na mkataba na serikali zimo ndani yake. Sheria nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 ndiyo inayopanga elimu ya taifa. Kisha kuna sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu, elimu ikiwemo. Hii ya mwisho maofisa wengi hawajaisoma. Chapeni nakala, mwende nayo mkononi. Ukimwonyesha mtu nambari na tarehe, sauti yake hubadilika.

Barua ya mzazi kwa direkta isizidi ukurasa mmoja. Jina la mtoto, kalasi, mwaka wa shule. Kilichopatikana: "sikio la kulia halisikii kunong'ona, tazama karatasi ya muganga". Kinachoombwa: mambo matatu tu kati ya yale ya Mwalimu hapo juu, yaliyo rahisi kukaguliwa. Na tarehe ya kukutana tena, baada ya wiki sita. Ambatisheni nakala, kamwe si karatasi halisi. Andikeni barua mbili: moja inabaki shuleni, ya pili wanaipiga muhuri wa kupokea na tarehe, mnairudisha nyumbani. Bila muhuri huo, mwisho wa mwaka mtaambiwa hamkuwahi kuandika. Msitie lawama ndani ya barua. Direkta anayejitetea hatoi benchi la mbele.

Wiki mbili zikipita bila jibu, barua ya pili inapanda: kwa shule ya kanisa ni ofisi ya uratibu ya kanisa hilo, kwa shule ya serikali isiyo ya kanisa ni sudivisio (ofisi ya elimu ya serikali ya eneo). Nakala kwa inspekta wa msingi. Na Papa, wewe ukiwa katika COPA (kamati ya wazazi), lifikisheni jambo kwenye kikao cha kamati ya uongozi wa shule, liandikwe kwenye ripoti ya kikao. Kuhusu kurudia mwaka, ulizeni swali hili: "Mwaka ujao mtafanya nini ambacho mwaka huu hakikufanyika?" Kama hakuna jibu la maandishi, kurudia ni kurudisha kosa lilelile.

Kwa wenye watoto wa kalasi ya sita: mpango wowote kwa ajili ya ENAFEP (mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi), maandishi makubwa au kukaa mbele, uombwe mwanzoni mwa mwaka orodha za watahiniwa zinapoandaliwa. Wiki moja kabla ya mtihani hakuna atakayewasikia.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito. Mtoto wa kifafa au asiyesema, mara nyingi kuna mtu wa familia au wa chumba cha maombi atamwita mlozi. Katiba ibara ya 41 inakataza hilo, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, ibara ya 160, inamfunga anayemshtaki mtoto kwa ulozi mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Wakianza kumnyima mtoto chakula au kumfungia "ili pepo litoke", msingoje kikao cha familia. Mtoto aondolewe hapo kwanza, afikishwe kituo cha afya na muganga aandike alichokiona, kisha polisi wanaoshughulikia watoto.

Mzazi_Katuba aliandika:

Aksanti sana wote. Nitachapa majibu haya na kuyabandika ofisini kwa kamati. Bado maswali mawili. Wazazi wengine kwetu hawajui kusoma wenyewe, hizo kadi watazitumiaje? Na tulifikiria kukutana kama kikundi, kuna namna nzuri ya kukipanga?

Mwalimu_Ruashi alijibu:

Asiyejua kusoma ana kazi kubwa zaidi ya anavyofikiri. Kusikia sauti ndani ya neno hakuhitaji karatasi. Wakati wa kuchambua sombe (majani ya muhogo) anaweza kumuuliza mtoto: "samaki linaanza na sauti gani? Lipi lingine linaanza hivyo, sukari au moto?" Kisha "nikiondoa sa kwenye samaki, kinabaki nini?" Huo ndio msingi unaokosekana kwa wengi wa watoto hawa, na dakika 5 kila jioni zinautengeneza. Kadi azishike dada au kaka mkubwa wa kalasi ya tano au sita, ila mzazi akae pale kuzuia kucheka. Nyuma ya kila kadi chora kitu kinachoanza na silabi hiyo, makala kwa ma, kisu kwa ki, ili hata asiyesoma ajue mtoto amepatia au amekosea.

Infirmie_Njanja alijibu:

Kikundi kiwe cha familia 6 hadi 8, kisiwe zaidi, mara moja kila wiki mbili, saa moja. Zaidi ya hapo wenye maneno mengi wanawameza wanyamavu. Kila mzazi aje na kaye ya mtoto yenye vitu viwili: alichojaribu na kilichotokea. Likelemba (mchango wa zamu) mliyo nayo iwekeeni sanduku dogo pembeni, kwa matone ya sikio na miwani, kwa maana mara nyingi mtoto amepimwa na karatasi ya dawa inakaa nyumbani miezi kwa kukosa franka. Na mwanzoni mwa kila mkutano, mama anayekaa na mtoto usiku kucha aulizwe analala saa ngapi. Wawili kati yenu wapange kumchukulia mtoto alasiri moja kwa wiki. Asiyelala hawezi kushika dakika 15 za kadi.